Mwenye Dini ya Jadi Naye Ni Raia Kamili

Mei 26, 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa mjini Arusha hukumu ambayo imezungumzwa sana kama hukumu ya ardhi. Ndani yake, hata hivyo, mna jambo la pili ambalo halikupewa uzito wake, nalo ni haki ya mtu anayemwabudu Mungu kama walivyomwabudu mababu zake. Jambo hilo linawahusu moja kwa moja walimu na watumishi wa umma wa nchi hii, kwa kuwa wao ndio wanaomwandikisha mwananchi na kumwita jina.

Waliofuata haki yao Arusha siku hiyo ni Waogiek wa Msitu wa Mau, Kenya. Mwezi Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 wauhame msitu huo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikalifikisha shauri lao Mahakamani mwaka 2012, nao wakangoja miaka mitano. Wakati huo Mahakama hiyo ilikuwa katika Kituo cha Uhifadhi cha Mwalimu Julius Nyerere, barabara ya Dodoma, kwenye makao ya shirika linalosimamia Hifadhi za Taifa. Hivyo watu wa msituni walikuja kutafuta haki yao ndani ya nyumba ya wahifadhi.

Katika utetezi wake, serikali iliyoshitakiwa ilidai kwamba Waogiek wamekwisha kuwa Wakristo, kwamba ibada zao za zamani wamekwisha kuziacha, na kwamba ibada hizo ni hatari kwa amani na utulivu. Mahakama haikukubali. Ilisema kwamba si Waogiek wote waliobatizwa, na kwamba hata aliyebatizwa haifuatii kwamba ameziacha kabisa ibada za wazee wake. Ilisema pia kwamba jamii zisizo na majengo ya ibada huabudu katika ardhi yao, na kwamba kuzifukuza katika ardhi hiyo ni kuingilia uhuru wao wa dini. Kwa hiyo Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, mkataba ulioanza kutumika mwaka 1986, kilikuwa kimevunjwa. Juni 23, 2022 Mahakama hiyo iliamuru jamii hiyo ilipwe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhila waliyotendewa.

Maneno hayo yalitamkwa chini ya Mlima Meru, nao wenyeji wa mlima huo wana sababu zao wenyewe za kuyatafakari.

HISTORIA YA MERU

Dini ya kigeni haikuingia Meru kwa upole. Usiku wa kuamkia Oktoba 20, 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na wapiganaji wa mlimani. Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani akapanda kutoka Moshi kulipiza kisasi; ng'ombe wakatekwa na migomba ikafyekwa. Baada ya mapigano mengine ya miaka iliyofuata ikajengwa boma ya Arusha, ambayo leo ni makumbusho. Hapo ndipo misheni zilipopata nafasi ya kudumu, Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904.

Ni haki kusema kwamba misheni hizo zilileta shule na matibabu, na kwamba wasomi wengi wa Arusha na Meru walitokea humo. Lakini ni haki pia kusema kwamba mlango wa shule ulikuwa karibu sana na kisima cha ubatizo. Mtoto aliingia na jina alilopewa na babu yake, akatoka na jina la Ulaya. Na mzazi aliyekataa kubatizwa akaitwa mpagani mbele ya mwanawe.

Neno hilo lenyewe lina asili ya kuchekesha. Linatokana na neno la Kilatini lililokuwa na maana ya mtu wa shamba, yaani mwanakijiji ambaye dini ya mjini ilikuwa haijamfikia. Taifa lililojengwa na jasho la wakulima, na ambalo Azimio lake kuu lilitangazwa Arusha hiyohiyo mwaka 1967, haliwezi kuendelea kutumia ushamba wa mtu kama tusi la kumvua dini yake.

NANI HANA DINI?

Wapo wanaosema kwamba mzee wa namna hiyo hana dini, ana mila tu. Hebu hoja hiyo ipimwe. Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaa, humwita Mungu Engai, na neno hilohilo ndilo wanaloliitia mvua. Humwomba chini ya mti wa oreteti, humwomba ng'ombe wanapozaa na mvua inapochelewa, na wanawake hufanya msafara wa pamoja kwenda kuombewa baraka ya uzazi. Biblia ya Kimaa nayo ilipofasiriwa, watafsiri hawakutafuta jina jingine la Mungu, walitumia Engai. Ikiwa anayemwomba Engai akiwa amekaa kwenye benchi la kanisa ana dini, ni kwa hoja gani anayemwomba Engai huyohuyo akiwa amesimama chini ya mti aandikwe kwamba hana?

Wala watu hao si wachache wa kupuuzwa. Sensa ya mwaka 1967, ambayo ndiyo ya mwisho kuuliza dini ya mtu katika Tanzania, iliwakuta takriban theluthi moja ya wananchi wakifuata dini za jadi. Wengi wa wajukuu wao leo ni Wakristo na Waislamu kwa hiari yao. Lakini haki haipungui kwa kuwa wenye kuidai wamepungua. Kama ingekuwa hivyo, ingekuwa haki ya wengi tu.

Sheria za nchi hazina utata katika jambo hili. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na dini imetajwa humo pamoja na kabila na rangi. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadili imani hiyo, wala haisemi kwamba imani ni lazima iwe na kitabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kuitambua ndoa ya kimila pamoja na ya kiserikali, ya Kikristo na ya Kiislamu. Mahakamani nako, shahidi asiyeapa kwa Biblia huthibitisha, na ushahidi wake una nguvu ileile.

Kasoro basi haiko katika sheria. Iko katika kalamu. Kumbukumbu za mashauri kwa miaka mingi zimemtaja shahidi kwa umri wake, kabila lake, kisha neno "mpagani". Karani wa zahanati anapofika kwenye nafasi ya dini huchora mstari. Mwalimu anapogawa wanafunzi kwa kipindi cha dini, Wakristo huenda huku na Waislamu kule, na mtoto wa tatu hubaki uani akiokota karatasi, au hulazimika kuchagua upande ili asichekwe. Mtoto huyo hajapigwa wala kufukuzwa. Amefundishwa tu, na mtu anayemheshimu, kwamba sala ya bibi yake si sala.

Hali ya sherehe inashangaza zaidi. Katika hafla nyingi za hadhara shehe huomba, padri au mchungaji huomba, kisha mzee wa mila huitwa alete ngoma. Pengine kiongozi huvishwa lubega na malaigwanani, hukabidhiwa fimbo ya uzee na kubarikiwa, na picha zikapigwa. Baraka ile hupokewa kwa mikono miwili. Lakini mzee huyohuyo akifika ofisini kesho yake kuandikisha mjukuu, huambiwa kwamba hana dini. Hapana budi kuchagua moja: kama baraka yake ni baraka, basi dini yake ni dini.

HOFU YA USHIRIKINA

Itasemwa kwamba kuzipa heshima dini za jadi ni kufungua mlango kwa uchawi. Hofu hiyo haikosi sababu, kwa kuwa taifa limeshuhudia mauaji ya kinyama ya ndugu zetu wenye ualbino, na vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mwaka 2009 Serikali ilifikia hatua ya kufuta leseni za waganga wa jadi. Wauaji hao wanastahili adhabu kali ya sheria bila kuonewa haya.

Lakini kosa ni la mtu na tendo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru waligombana vikali juu ya kuanzishwa kwa dayosisi yao, hata watu wakaumizana na mali ikaharibiwa. Hakuna mtu mwenye akili aliyesema kwamba Ulutheri ni fujo. Waliovunja sheria walikuwa wavunja sheria, na dini yao ikabaki dini. Kipimo hicho hicho kitumike kwa mzee wa oreteti. Sheria ya Uchawi, ambayo ni urithi wa mkoloni wa mwaka 1928, isigeuzwe kuwa miwani ya kumtazamia kila mwenye kumwaga maziwa chini na kuomba mvua.

Usawa huo una upande wa pili, na wazee nao waambiwe bila kificho. Uhuru wa dini si ngao ya kumkeketa binti, jambo ambalo sheria ya mwaka 1998 imelikataza kwa walio chini ya miaka 18. Wala si ruhusa ya kumlazimisha kijana aliyebatizwa achinje kondoo asiyetaka kumchinja, au ya kumtenga mke aliyeamua kwenda kanisani au msikitini. Ibara ile ile inayomlinda baba chini ya mti inamlinda binti yake anayeuacha mti huo.

KAZI YA WATENDAJI

Yanayotakiwa si makubwa, wala hayahitaji fedha za kigeni. Fomu inayouliza dini iwe na nafasi ya dini ya jadi, na pale ambapo jibu halina kazi yoyote, swali lenyewe liondolewe. Neno "mpagani" liachwe katika maandishi yote ya umma. Mwalimu ahakikishe kwamba mtoto asiye Mkristo wala Mwislamu ana mahali pa kukaa na kitu cha kusoma wakati wa kipindi cha dini, na kwamba hakuna anayemcheka. Mahali ambapo wazee wana mti au chemchemi ya ibada ndani ya ardhi iliyohifadhiwa, wahifadhi wakae nao wapange siku na njia ya kuingia, maana Mahakama katika shauri la Waogiek ilisema kwamba zipo hatua nyepesi zaidi kuliko kuwafungia watu nje.

Watu wa Meru wanajua vizuri maana ya kugawana mzigo bila kuulizana dini. Walipong'olewa Ngare Nanyuki mwaka 1951, nyumba zilizochomwa hazikuchaguliwa kwa ubatizo. Na Kirilo Japhet aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, alisimama kwa niaba ya Wameru wote. Walioonewa pamoja wanastahili kuheshimiwa pamoja.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Anayeiacha kwa hiari yake ana uhuru huo, na Katiba inamlinda. Ila mtumishi wa umma hana mamlaka ya kumwachisha mwananchi dini yake kwa mstari wa kalamu. Serikali haina dini, watu wake ndio wenye dini, na mzee anayemwomba Engai kwenye mteremko wa Meru ni mmoja wa watu hao.