MVUA HAIKUTIA SAHIHI!

Ndugu wanaushirika,

Ghala letu lilianzwa kwa mbwembwe, likakwama kwenye lenta. Ukimwuliza fundi, anasema mvua. Ukiiuliza kamati, inasema fundi. Fundi naye anarudi, eti hajalipwa. Na kahawa yetu je? Inalala kwenye vibanda vya kuazima!

Jamani, tuambizane ukweli. Hapa Mbozi mvua huanza Novemba hadi Aprili. Hata mtoto wa darasa la pili anajua. Fundi aliyetia sahihi Septemba alijua pia. Mvua ya kawaida si ajali, ni kalenda. Reli ya TAZARA inayopita pale Tunduma, kilomita 1,860, ilianza kujengwa 1970. Ilinyeshewa mvua hizi hizi, na mwaka 1975 ikawa imekwisha kutandikwa, kabla ya muda uliopangwa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haibembelezi uzembe. Kifungu cha 55 kinasema hivi: kama mlikubaliana kwamba muda ndio roho ya mkataba, aliyecheleweshewa anaweza kuuvunja. Kama muda haukuwa roho, bado anayo haki ya fidia kwa hasara yake. Lakini uangalieni mtego: mkataba ukiwa wa muda, nawe ukaipokea kazi iliyochelewa bila kumwarifu fundi palepale kwamba utadai, fidia imekwenda na maji. Na sisi ni mabingwa wa kupokea funguo kwa ngoma na soda!

Ila tusimwonee fundi. Aliyechelewesha saruji, aliyebadili ramani katikati ya kazi, aliyekalia malipo, huyo ndiye mchelewaji, hata akiwa ni kamati yetu wenyewe. Siku hizo fundi aongezewe.

Kwa hiyo mkataba mpya ukiletwa Mkutano Mkuu, tusiupitishe bila mambo manne:

1. Tarehe ya kumaliza.
2. Fidia kwa kila siku ya kuchelewa. Iwe ya haki, maana kwa kifungu cha 74 mahakama haizidishi kiasi kilichoandikwa, ila yaweza kukipunguza.
3. Tarehe ya kila malipo.
4. Daftari la kazi. Kila siku iliyolala iandikwe sababu, pande zote mbili zitie sahihi.

Mkataba usio na tarehe ni shamba lisilo na mpaka. ALIYECHELEWESHA NDIYE ALIPE, SI MKULIMA!