Fundi wa tovuti, usifungie wateja kumi kwa kufuli moja

Kama unakaa wadi ya Airport hapa Changamwe, hizi kazi unazijua. Mwenye teksi anataka tovuti ili mgeni akishuka ndege akute gari linamngoja. Mama mwenye vyumba vya wageni kule Port Reitz anataka watu walipie nafasi kwa simu. Ajenti wa mizigo naye anataka fomu ya maombi. Wote wanakuja kwako, kwa sababu wewe ndiye kijana wa kompyuta mtaani.

Na wewe unafanyaje? Unanunua nafasi moja kwenye seva, kile kifurushi cha "tovuti bila kikomo", halafu unawajaza wote humo. Wateja kumi, akaunti moja, nywila moja. Kila mmoja anakulipa kivyake, wewe unalipia mara moja kwa mwaka. Hesabu tamu, si ndiyo? Mimi nasema ni hesabu mbovu, na siku itakapokugeuka hutakuwa na pa kujificha.

Seva ni kompyuta inayobeba tovuti za watu wengi, kama ploti ya vyumba kumi pale Magongo. Kuishi ploti moja si tatizo. Wengi wetu tumekulia humo: bomba moja, choo kimoja, uwanja mmoja. Lakini kila chumba kina kufuli yake. Ukiweka tovuti zote ndani ya akaunti moja, umeng'oa kufuli za vyumba ukabakisha ya geti tu.

Mwizi wa mtandaoni analijua hilo, ndiyo maana haanzi na mteja wako mkubwa. Anatafuta tovuti iliyosahaulika, ile ya DJ wa harusi aliyeacha kukulipa zamani, ambayo bado inatumia plagini ya WordPress ya enzi hizo. Anapenyeza faili moja tu. Faili hilo linafanya kazi kwa jina la mwenye akaunti, na mwenye akaunti ndiye mwenye folda zote kumi. Basi anafungua wp-config.php ya jirani, anasoma nywila ya hifadhidata, anahamia kwa mwingine. Wewe unasafisha tovuti ya DJ, unalala. Asubuhi imechafuka tena, kwa sababu mwizi alikuwa amejificha chumba cha pili.

Sasa fikiria yule mama wa Port Reitz. Fomu yake inapokea nakala za pasipoti za wageni. Hakukosea chochote. Tovuti yake ni mpya, nywila yake ngumu. Ameibiwa kwa sababu ulimlaza chumba kisicho na mlango, na hukumwambia.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwenye biashara saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data iwapo data imeangukia mikono isiyofaa na kuna hatari ya kuwadhuru wenyewe. Wewe unayeshika data kwa niaba yake unatakiwa umjulishe ndani ya saa 48 tangu ujue. Utaanzaje simu hiyo? "Mama, umeibiwa kwa sababu ya tovuti ya DJ"?

Usidhani haya ni ya wadogo pekee. Januari 2012, mtu aliyejiita Direxer, kutoka Indonesia, alichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja. Wizara na idara, moja baada ya nyingine. Idadi hiyo ikukumbushe kwamba mshambulizi akipata njia inayofanya kazi, haishii kwa mtu mmoja. Kazi yako ni kuhakikisha njia ya chumba kimoja haifiki cha pili.

Najua utaniambia: "Wewe, wateja wa huku hawalipi, nitoe wapi pesa za akaunti kumi?" Ni kweli, pesa ni ngumu. Lakini mengi hapa hayagharimu hata bob. Futa tovuti zilizokufa leo. Sasisha plagini. Kila tovuti iwe na hifadhidata yake, mtumiaji wake na nywila yake. Na ile ruhusa ya 777 unayoweka faili likikusumbua, achana nayo. Inamruhusu kila mtumiaji wa seva kusoma na kuandika juu ya kazi ya mteja wako.

Ukiwa na seva yako mwenyewe, kila tovuti ipe mtumiaji wake wa Linux, na PHP ya tovuti hiyo iendeshwe kwa jina la mtumiaji huyo. Kama unanunua nafasi kwa kampuni, tafuta kifurushi kinachokuwezesha kufungua akaunti tofauti kwa kila mteja. Tofauti ya bei igawanye kwa kumi, uiweke kwenye bei yako, na umweleze mteja anacholipia. Mtu anayenunua kufuli ya duka lake ataelewa.

Sisemi kutenganisha kutazuia kila wizi. Chumba kinaweza kuvunjwa hata kikiwa na kufuli, na ndiyo maana nakala ya akiba inakaa nje ya seva hiyo. Ninachosema ni kwamba chumba kimoja kikivunjwa, wapangaji tisa waendelee kulala.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla hujafungua TikTok, ingia kwenye akaunti yako uhesabu folda. Ukikuta kumi chini ya jina moja, anza kuhamisha. Na uanze na ile yenye pasipoti za watu.