Njia ya Longonot inaliwa na mvua na viatu vyetu

Njia ya kuzunguka ukingo wa kreta ya Mlima Longonot inamomonyoka, na waliopewa jukumu la kuitunza wanaendelea kupokea kiingilio langoni kana kwamba mambo ni shwari. Mimi ni mkazi wa Naivasha. Mlima huu nauona kila asubuhi nikitoka nje, na inaniuma kuona jinsi tunavyouchakaza.

Kwa wasioufahamu, Longonot ni volkano yenye kimo cha mita 2,776, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1983. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3.1 za kupanda, na mzunguko wa ukingo wenyewe ni kilomita 7.2. Ukipanda, ukazunguka na kushuka, umetembea zaidi ya kilomita 13. Anayesoma tarakimu hizo akiwa nyumbani anaweza kudhani ni matembezi mepesi ya Jumapili. Lakini ukingo ule hauna tambarare ya maana: unapanda, unashuka, kisha unapanda tena kwa mikono na miguu hadi kileleni, na kuna mahali njia inamtosha mtu mmoja tu, upande huu kreta, upande ule mteremko. Atakayefika juu hatajuta. Ziwa Naivasha lote liko chini yake, hifadhi ya Hell's Gate kando yake, Mlima Suswa upande wa kusini na safu ya Nyandarua ng'ambo ya bonde. Ndani ya kreta kuna msitu mzima, na kwenye kuta zake hutoka mvuke unaotukumbusha kwamba mlima huu haujafa.

Chanzo cha tatizo ni udongo. Longonot umejengwa kwa majivu na mawe mepesi ya volkano, vitu visivyoshikana. Kiangazi mguu unadidimia kwenye vumbi. Mvua ikinyesha, maji hayana pengine pa kupita ila pale viatu vyetu vilipokwisha kuchimba, nayo yanateremka na udongo wote. Ndiyo maana kuna sehemu ambazo njia imekuwa korongo, mtu akisimama ndani anaonekana kuanzia kifuani tu. Korongo likizidi kina, watu wanalikwepa na kutembea juu ya nyasi pembeni. Nyasi zikifa, mizizi haishiki tena kitu, na msimu unaofuata kuna korongo la pili sambamba na la kwanza. Tusisahau pia kwamba Machi 2009 moto ulichoma miteremko ya mlima huu na kuingia hadi ndani ya kreta. Mteremko uliopoteza majani yake hauna kinga dhidi ya mvua, na moto mwingine unaweza kuja mwaka wowote wa ukame.

Jambo linalonikasirisha zaidi ni kwamba dawa yake inajulikana na wala haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Wakulima wa Ukambani wamezuia udongo wao kwa matuta ya fanya juu kwa miongo mingi, kwa jembe na sururu. Njia ya mlimani inahitaji akili ileile: magogo au mawe yalazwe mshazari kila baada ya hatua kadhaa ili maji yatolewe pembeni kabla hayajapata nguvu, ngazi zijengwe penye mwinuko mkali, na njia za panya zifungwe kwa matawi ya miiba hadi nyasi na vichaka vya leleshwa viote tena. Vijana wa vijiji vinavyouzunguka mlima wanatafuta vibarua kila siku. Wapeni kazi hii, na mlima utapata watu wa kuulinda kwa sababu unawalisha.

Kuna pia suala la usalama, ambalo haliwezi kutenganishwa na hilo la njia. Miezi michache iliyopita tulikuwa tukishuka kutoka kileleni, upande ulio mbali zaidi na lango, mwenzetu mmoja akateleza kwenye changarawe na kifundo cha mguu kikavimba papo hapo. Nambari tuliyopewa langoni haikupokelewa. Tulimshusha wenyewe, tukipokezana kumbeba mahali ambapo hata mtu mzima wa afya anapita kwa kujishika, na tulifika chini giza limeingia. Langoni tulipewa pole. Hakuna aliyeandika lolote kwenye daftari, wala kutuuliza ni wapi hasa aliteleza.

Najua wapo watakaosema wapandaji nao wana makosa. Ni kweli, na nitawataja. Waandalizi wa safari za wikendi wanaleta mabasi ya watu wanaoanza kupanda jua likiwa utosini, wengine wakiwa na viatu vya raba vilivyoisha soli na chupa moja ndogo ya maji, kwenye ukingo ambao karibu wote hauna kivuli. Halafu wanaharakishwa wamalize mzunguko kabla lango halijafungwa, wakikata kona kwenye miteremko ileile inayobomoka. Mtu anayekusanya pesa za wenzake kuwapeleka mlimani anapaswa kuwaambia ukweli kuhusu mlima huo kabla hawajalipa.

Lakini kiingilio tunalipa kwa wasimamizi, na kwao ndiko madai yangu yanakoelekea. Siku za wikendi na sikukuu wawekwe askari wawili upande wa pili wa kreta, wenye redio na machela. Saa ya mwisho ya kuruhusiwa kuanza mzunguko itangazwe, na iheshimiwe hata kama mgeni ametoka mbali. Na kabla mvua za masika hazijaanza, umma uelezwe ni kiasi gani cha mapato ya lango kitarudi kwenye njia, na kazi itaanzia wapi. Mimi ningeanzia pale kwenye mteremko wa changarawe chini ya kilele.

Mpenda mlima,
Naivasha