Amana ya Uvunguni

Ifikapo katikati ya Desemba, watu wa Dar es Salaam wenye asili ya Kilimanjaro hufunga virago na kuelekea Rombo, Marangu na Machame, na katika maandalizi ya safari hiyo hapana jambo lisilofikiriwa: tiketi za basi hukatwa mapema, jirani huachiwa fedha za umeme, mlinzi huusiwa juu ya geti, na hata maua ya barazani hupata mtu wa kuyamwagilia maji. Aghalabu anayesahauliwa ni paka. Si yule paka wa uani ajuaye njia zote za sokoni na majaani, bali yule aliyelelewa ndani ya fleti ya ghorofa ya tatu, asiyepata kukanyaga udongo, ambaye mlango ukigongwa tu huwa amekwisha ingia uvunguni mwa kitanda kabla mgeni hajavua viatu.

Rai yangu juu ya paka wa namna hii ni kwamba asihamishwe. Abaki katika maskani yake, ajiwe kila siku na mtu mmoja amfahamuye, na mtu huyo ashike kazi hiyo kwa mapatano na kwa ujira. Najua wako watakaopinga. Wapo wampendao paka wao mno hata wakaona heri wasafiri naye, wakamtia kapuni na kumpakia basini kwa muda wa saa kumi, wakafika naye kihambani ambako watoto wa ukoo mzima wamekusanyika na mbwa wamelala mlangoni. Mlango wa kwanza utakaoachwa wazi ndio atakaoponyokea migombani, na huko hapana hata harufu moja aijuayo ya kumrudisha. Wapo pia wampelekao kwa shangazi Mbagala, wakidhani kuwa upole wa shangazi watosha. Lakini mbwa hutulia palipo na bwana wake, ilhali paka, na khasa aliye mwoga, hutulia palipo na harufu yake mwenyewe, aliyoipaka kwa mashavu yake katika miimo ya milango na miguu ya viti. Mwondoe hapo, naye aweza kususa chakula. Na kususa kwa paka si kama saumu ya mwanadamu, kwa kuwa akikaa siku mbili tatu bila ya kula, na khasa akiwa mnene, mafuta ya mwili humiminikia katika ini hata likazidiwa, na maradhi hayo huua.

Kinyume chao ni wale wamwachao na sahani ya dagaa wa juma zima, ambao kwa joto la Desemba huingia sisimizi kabla ya adhuhuri, na dirisha lililoachwa wazi kidogo ili ati ajitafutie panya. Iko Hadithi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, na wengi waisikiapo hudhani kuwa alimpiga au alimchoma. La, kosa lake lilikuwa kumfungia, asimlishe wala asimwachilie ale wadudu wa ardhini. Fleti iliyotiwa kufuli mbili ni kifungo cha namna hiyo hiyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo yamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia. Walakini sioni haja ya kumwita hakimu katika jambo ambalo jirani aweza kulitengeneza.

Jirani yupi, basi? Hapa ndipo watu wengi wakosapo, kwani humchagua apendaye paka kuliko wote, na huyo, kwa paka mwoga, ndiye asiyefaa kuliko wote. Mpenda paka hataki kurudi kwake kabla ya kumpakata. Hupiga magoti, akamulika tochi uvunguni, akanyoosha mkono, akaita na kubembeleza pasipo kukoma, na kila alifanyalo lamthibitishia aliyejificha kwamba hofu yake ilikuwa ya haki. Afaaye ni mtu mkimya, mathalan mama mwalimu aliyestaafu, aingiaye kwa utaratibu, akabadili maji, akaweka chakula, kisha akaketi kitini kwa kitambo cha nusu saa akivuta uradi wake au akisoma gazeti, asimtafute mtu. Siku paka atakapokuja kumnusa viatu, mama huyo hatatikisika. Na aanze kuja majuma mawili matatu kabla ya safari, wenyewe wangalimo, awe yeye ndiye awekaye chakula cha jioni.

Kwa kuwa paka mwenyewe huenda akaonekana kwa nadra, khabari zake zitasomwa mchangani. Beseni la mchanga halifichi kitu: madonge ya mkojo yamo, au hayamo? Paka dume aingiaye mchangani mara kwa mara, akajikamua pasipo kutoa kitu, huenda njia yake ya mkojo imezibika, na hilo si jambo la kungojea wenyewe warejee, kwani katika siku mbili au tatu aweza kufa. Ndiyo maana siwaafiki wanunuao mashine za kumimina chakula kwa saa wakadhani wamemaliza. Mashine humimina, wala haijui kama kimeliwa. Shurti paka aonekane kila siku, japo ni macho mawili yang'aayo chini ya kitanda, na milango ya vyumba vyote iachwe wazi asije akafungiwa kabatini.

Lililobaki ni ujira, na hapa desturi yetu ina kasoro. Twazoea kuomba msaada kwa ahadi ya mkungu wa ndizi tutakaorudi nao, na hali ihsani haidaiwi: jirani aliyeacha kuja siku moja kwa sababu ya harusi hakukosa neno, maana hakuna alichokubali kukifanya ila kwa hisani yake. Aliyelipwa huweza kuulizwa. Basi kiasi kitajwe mapema, nusu itolewe kabla ya safari, na ndizi zije juu ya ujira, si badala yake. Fedha za daktari wa mifugo ziwekwe mbali, katika bahasha yenye nambari yake ya simu na ruhusa iliyoandikwa ya kumtibu paka mara moja, kwani saa hiyo mwenyewe huenda yumo kanisani na simu ameizima.