Mwacheni Mtani Afanye Kazi Yake

Katika msiba wa Mchaga, watu wakiwa wamejiinamia chini ya turubai, huweza kuibuka Mpare, mtani wao, aliyevaa koti la marehemu, akitembea na kukohoa vilevile kama yeye. Huwauliza wafiwa kama wameshaangusha sarafu karibu na jeneza, maana Mchaga wa kweli akisikia mlio wa pesa lazima ainuke. Mjane aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana hujikuta anacheka. Hakuna wa kukasirika. Siku Mpare akifiwa, Mchaga naye atafika kuwakumbusha wenyeji kwamba wao huuza ng'ombe wawili ili washinde kesi ya ng'ombe mmoja.

Mtanzania akiulizwa utamaduni wake, haraka hutaja ngoma, chakula na mavazi. Lakini wengi walitambua kuwa wao ni Wangoni au Wagogo siku walipochokozwa na mtani, iwe bwenini, kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) au kwenye foleni ya maji. Kabila mtu hupewa na wazazi, ila maana ya kuwa wa kabila hilo hufundishwa pia na mtu wa kabila jingine mwenye ruhusa ya kumtania.

Ruhusa hiyo ina historia. Wahehe na Wangoni walipigana vikali kati ya 1878 na 1882, na leo wajukuu wao ni watani wakubwa. Wanyamwezi nao walipita kwa Wazaramo wakibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Mpagazi mgeni alihitaji maji, chakula, na mtu wa kumzika kama angefia njiani, na mwenyeji aliyempa hayo akawa mtani wake. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyeishi Amani, Usambara, alivutiwa na utani kiasi cha kuuandikia makala iliyochapishwa mwaka 1944.

Kwa hiyo dhihaka ya mtani hulipiwa kwa jasho. Ndiye anayechimba kaburi, anayesaidia kuosha maiti, anayeteka maji na kuchochea moto wa jikoni. Akishuka kaburini na kulala humo akidai chochote kabla jeneza halijateremshwa, wafiwa huingiza mikono mifukoni bila kinyongo. Tena ndiye pekee anayeweza kusema mbele ya watu wote kwamba mtoto fulani hakumtumia mama yake hata hela ya dawa, na leo kaja na jeneza la bei mbaya. Ndugu akisema hivyo ukoo unavunjika. Akisema mtani watu wanacheka, na mhusika anaondoka na lake moyoni.

Siku hizi utani umehamia kwenye simu. Video fupi zinawacheka Wasukuma, Wamakonde na Wahaya, na anayezisambaza hajawahi kukanyaga msiba wa hao anaowacheka. Huyo si mtani, hata ajiite hivyo. Amechukua mdomo akaacha jembe, na maneno yaleyale yanayofariji msibani yanageuka kuwa dharau tupu. Kijana anayekulia humo atajua kabila lake kama kitu cha kuonewa aibu au cha kupigania.

Mijini nako kamati za mazishi zimebana mambo. Ratiba imechapwa, mshereheshaji ana kipaza sauti, wapishi wamekodiwa, kaburi limechimbwa na vibarua. Mtani akifika anakuta kila kazi ina mwenyewe, na akianza vituko vyake anaombwa akae kwa sababu muda umekwisha. Kamati hizohizo zinaweza kubadilisha hili bila gharama yoyote: ziulize mapema watani wa marehemu ni kina nani, ziwapigie simu kama zinavyowapigia wajomba, ziwaachie kaburi na nusu saa ya ratiba. Na wazazi wawapeleke watoto wakaone, wakubwa kwa wadogo, badala ya kuwaacha nyumbani na televisheni.