Usuluhishi Usiishie Nairobi

Kwa muda mrefu usuluhishi nchini Kenya umechukuliwa kuwa kazi ya mawakili, wahandisi na wakadiriaji majengo wa Nairobi. Taasisi ya wasuluhishi iliyoasisiwa London mwaka wa 1915 ilipata tawi la Kenya mwaka wa 1984, na wanachama wake huandika herufi za cheo nyuma ya majina yao. Sina ugomvi na herufi hizo. Nauliza tu zimemfaa nini mkulima wa Kamukuywa.

Soko hili liko kando ya barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale, katika nchi ya mahindi na miwa. Migogoro ya huku twaijua: shamba limekodishwa kwa msimu, kisha mwenyewe analitaka kabla ya mavuno, trekta limelipiwa ekari tatu, likalima moja na nusu. (Mipaka ya mashamba yenye hati siitaji, maana hiyo ni kazi ya msajili wa ardhi.) Mengi hupelekwa kwa liguru, naye huketi na wazee wakaamua, pengine kwa busara kumshinda hakimu. Lakini aliyeshindwa akikimbilia mahakama ya Kimilili, mambo huanza upya, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa wala kutiwa sahihi.

Sheria ya Usuluhishi ya mwaka wa 1995 haimdai msuluhishi shahada wala uanachama wa chama chochote. Yadai mapatano ya maandishi baina ya wanaozozana, na uamuzi ulioandikwa na kutiwa sahihi. Uamuzi huo huwafunga wote wawili. Asiyeridhika ana miezi 3 ya kuiomba Mahakama Kuu iutengue, tena kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Kuchukizwa na matokeo si mojawapo.

Ikiwa hivyo ndivyo, kuna haja gani ya kujiunga na chama? Haja ipo, nayo si herufi. Mwanachama hufundishwa kusikiliza pande zote mbili kwa usawa na kuandika uamuzi usiovunjika. Zaidi ya hayo, hufungwa na kanuni za maadili, na akizivunja yuko wa kumshtaki kwake. Mzee aliyepokea jogoo usiku kutoka kwa upande mmoja hushtakiwa kwa nani? Mjane anayedai kodi ya shamba lake hana pa kulalamikia ila kwa wazee wale wale.

Ndiyo maana nasema walimu wastaafu, makarani wa vyama vya ushirika na maliguru wenyewe wangefaa kuingia. Kizuizi ni ada, na mafunzo yanayotolewa kwa Kiingereza cha mawakili. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 159, iliutaja usuluhishi pamoja na mbinu za jadi katika pumzi moja. Ajabu ni kwamba wenye vyeti na wenye jadi bado hawajaketi pamoja. Tawi likitaka, laweza kuendesha mafunzo ya Kiswahili Bungoma au Kitale, kwa ada ya mtu anayeuza mahindi kwa gunia.

Wabunge nao wana lao. Kifungu cha 36 cha sheria hiyo chapeleka utekelezaji wa uamuzi Mahakama Kuu, hata deni likiwa la shilingi 20,000. Kwa madeni madogo, kazi hiyo ingekabidhiwa hakimu wa Kimilili.