Nani Anastahili Kutia Dawa Majini?

Udereva, uuguzi na ufundi wa umeme ni kazi ambazo taifa letu halimruhusu mtu kuzifanya kabla ya kupimwa. Sababu yafahamika: kosa la mmoja laweza kuangamiza wengi. Kutia klorini katika maji ya umma, yawe ya bwawa la kuogelea au ya tangi la kijiji, ni kazi ya aina hiyo hiyo, nayo yastahili sharti hilo hilo.

Katika miji ya pwani suala hili hukumbusha kwanza mabwawa ya kuogelea ya mahoteli. Katika milima ya Usambara hukumbusha zaidi matangi. Kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, miradi ya vijijini husimamiwa na RUWASA na kuendeshwa na vyombo vya jamii yenyewe. Huo ni utaratibu mwema. Hata hivyo, kumiliki tangi si sawa na kuijua kemia ya maji yaliyomo.

Tangi la lita 50,000 likihitaji miligramu 2 za klorini kwa lita, hutakiwa gramu 100 za klorini halisi, yaani gramu 143 hivi za unga wenye nguvu ya asilimia 70. Hesabu ni nyepesi. Ugumu umo katika mambo yanayoigeuza. Masika yafikapo Lushoto, mvua huteremsha vijitoni udongo na samadi ya mashamba ya miteremkoni. Tope hula klorini, tena huvificha vijidudu visifikiwe na dawa. Kiasi kilichotosha Februari chaweza kisitoshe Aprili. Kwa hiyo mtendaji hana budi kupima klorini iliyosalia baada ya nusu saa. Shirika la Afya Duniani hushauri isipungue miligramu 0.5 kwa lita. Bwawani nako, kipimo cha pH kikipanda kutoka 7.5 hadi 8.5, sehemu ya klorini yenye nguvu kamili ya kuua hushuka kutoka nusu hivi hadi sehemu moja ya kumi.

Mji mdogo wa Walkerton, Kanada, ulijifunza haya kwa msiba. Mei 2000 mvua kubwa iliingiza samadi ya ng'ombe katika kisima cha mji. Watu zaidi ya 2,000 waliugua, na 7 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba watendaji hawakutia klorini ya kutosha, na kwamba waliandika daftarini vipimo wasivyovipima. Nao walikuwa na vyeti, walivyopewa kwa miaka yao kazini, pasipo mtihani!

Basi leseni pasipo mtihani ni karatasi tu. Napendekeza mafunzo mafupi kwa Kiswahili, mtihani wa vitendo kando ya tangi lenyewe, na cheti kinachohuishwa kila miaka mitatu. Mradi au bwawa lisipewe kibali bila mtu mwenye cheti hicho na kifaa cha kupimia.

Watasema wengine kwamba masharti haya yatawaonea wanavijiji maskini. La hasha, iwapo mtahini ndiye atakayepanda mlima hadi Mlalo au Mtae, na gharama zikabebwa na serikali. Kijana aliyemaliza kidato cha nne aweza kuimudu elimu hii. Asiyeweza kuyamudu maji machafu ni mtoto mchanga anayenyweshwa.